KUMBE HEWA INAWEZA KUPANDA KICHWANI IKAKUUA? Stori ya MV Bukoba, MV Nyerere na wazamiaji waliotukanwa bure

Leo ubuyu wa mastaa tunauweka pembeni kidogo. Nina watu wangu wengine, na kama kawaida majina sitaji, ila wengine mtawajua wenyewe kabla sijamaliza sentensi. Kuna fundi mitambo wa kivuko, kuna mpishi wa melini, na kuna kundi la wanaume ambao mitandao iliwatukana wiki mbili nzima bila kujua kinachowasumbua ni nini.

Twende Ukara kwanza.

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza kidogo tu kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara, huko Ukerewe. Kilitengenezwa kubeba watu 101. Waliokufa walifika 228, waliopona 41. Sisi wa Mwanza hizo namba hatuhitaji kukumbushwa, kila mtaa una mtu aliyekuwa na ndugu mle.

Sasa Jumamosi ya tarehe 22, wakati watu wameshakata tamaa na kazi imebaki ya kutoa miili, wazamiaji wakaibuka na mtu mzima anayepumua. Siku mbili chini ya chuma kilichopinduka! Alikuwa fundi mitambo wa kivuko chenyewe, akakutwa upande wa injini, mwili umepakaa oili, mahali ambapo hewa ilikuwa imenasa. Klipu ikazunguka nchi nzima. Kijiweni kila mtu akawa na maelezo yake: wengine wakasema ni Mungu, wengine wakasema jamaa ana hirizi kali, wengine wakasema wazee wa ziwa wamemkatalia.

Maelezo ya kawaida yapo, na unaweza kuyafanyia majaribio na ndoo ya kuogea. Chukua glasi tupu, igeuze mdomo uangalie chini, izamishe taratibu kwenye ndoo. Ndani ya glasi maji hayajai, hewa imebanwa juu. Meli ikipinduka haraka inafanya hivohivo. Kila chumba kinakuwa glasi. Aliyebahatika kuwa kwenye chumba chenye hewa anapumua.

Lakini iangalie tena hiyo glasi ukiwa unaizamisha zaidi. Maji yanapanda kidogo ndani yake. Hewa haijatoka, imekandamizwa tu, imekuwa ndogo na nzito. Hapo ndipo stori yangu ilipo, kwa sababu mtu anayepumua hewa iliyokandamizwa chini ya maji, hata kama hana mtungi mgongoni wala miwani ya kuzamia, tayari ni mzamiaji. Na mzamiaji ana kifo chake ambacho wewe na mimi hatukijui: mapovu ya hewa ndani ya mishipa ya damu ya ubongo.

Nielezeeni taratibu mkipenda nyie wa udaktari, mimi nimeishia fomu foo, ila nimesoma sana hii ishu na nitaisema kwa lugha ya kitaa.

Ukiwa nchi kavu usawa wa bahari, hewa inakukandamiza kwa kipimo tuite moja. Kila mita 10 unazoshuka majini inaongezeka moja nyingine. Mita 10 ni mbili, mita 20 ni tatu, mita 30 ni nne. Sasa kuna njia mbili za kupata balaa.

Njia ya kwanza ni ya haraka. Umevuta pumzi ukiwa mita 10, ukaogopa, ukaibana kifuani, ukapanda mbio juu. Ile hewa ya mapafu inapanuka mara mbili, lakini kifua chako hakipanuki mara mbili. Mapafu yanachanika. Hewa inapenya kwenye mishipa ya damu, inaingia moyoni, moyo unaipiga juu, na kwa kuwa ubongo unakunywa damu nyingi, povu linakwenda kuziba mshipa wa huko. Mtu anafika juu, anatabasamu, anataka kuongea, ndani ya dakika 10 anaanguka kama aliyepigwa kiharusi. Mililita chache tu zinatosha. Na hili halihitaji kina kirefu: kwa mtu aliyekuwa anapumua hewa iliyobanwa, hata mita moja na kitu imeshawahi kuua. Wewe unayepiga mbizi ufukweni na pumzi uliyovuta juu usiogope, hewa yako ni ileile uliyoondoka nayo, inabanwa ukishuka na inarudi saizi yake ukipanda.

Njia ya pili ni ya polepole. Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauna kazi nayo. Ukikaa chini kwa muda, inayeyuka ndani ya damu na mafuta ya mwili. Ukipanda ghafla inafanya kama soda uliyoitikisa halafu ukafungua kizibo. Mapovu kila mahali: kwenye viungo, uti wa mgongo, na wakati mwingine kichwani.

Haya mambo hayakugunduliwa leo. Mwaka 1670 huko Uingereza, Robert Boyle alimweka nyoka kwenye chombo akanyonya hewa yote, akaona kipovu kinacheza ndani ya jicho la yule nyoka. Akaandika, watu wakapita. Imepita miaka 200 ndio wakakumbushwa kwa nguvu, na waliokumbushwa walikuwa vibarua wa ujenzi.

Sisi wa Mwanza madaraja tunayajua, la Kigongo–Busisi lile la kilometa 3 lilizinduliwa Juni 2025, na nguzo zake zilichimbiwa na mashine. Karne ya 19 hakukuwa na mashine hizo. Walichukua sanduku kubwa ajabu lisilo na kitako, wakalizamisha mpaka chini ya mto, wakasukumia hewa ndani kwa nguvu ili maji yasiingie, halafu watu wakashuka humo kuchimba kwa sululu. Yaani ni ile glasi yetu, safari hii ina vibarua ndani. Kule St. Louis, Marekani, wakati wa kujenga Daraja la Eads miaka ya 1870, vibarua walitoka zamu wakiwa wazima, wakifika juu wanajikunja kwa maumivu. Zaidi ya kumi walikufa. Na hapa kuna kaubuyu: wakati ule mabinti wa mjini walikuwa na mtindo wa kutembea wameinama mbele, kiuno nyuma, gauni limetuna, mtindo ukiitwa mkunjo wa Kigiriki. Vibarua wakamtania kila anayetoka sandukuni kajikunja kwamba naye anatembea kimrembo. Jina la ugonjwa kwa Kiingereza mpaka leo linatokana na huo utani wa mkunjo. Watu wanakufa na utani unaendelea, binadamu ni walewale.

New York ikaja na Daraja la Brooklyn. Injinia mkuu, Washington Roebling, alikuwa anashuka sandukuni na vibarua wake. Mwaka 1872 ugonjwa ukampiga, akabaki mtu wa ndani, daraja analitazama dirishani. Mke wake Emily akajifunza hesabu za ujenzi, akawa ndiye anayepeleka maagizo kwa mafundi kwa miaka zaidi ya kumi. Daraja lilipofunguliwa Mei 1883, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka na gari la farasi, kapakata jogoo. Dada zangu, huyo mama anastahili posti yake peke yake, nitarudi.

Mfaransa Paul Bert ndiye aliyesema mwaka 1878 kwamba mchawi ni naitrojeni. Na mwaka 1908 John Scott Haldane, Mskoti, baada ya kuwapandisha na kuwashusha mbuzi wengi kwenye chemba ya chuma yenye presha, akatoa jedwali la kwanza la maana la kuwapandisha wazamiaji: panda kidogo, simama, subiri mwili uteme gesi, panda tena. Mbuzi waliokosewa walichechemea. Wazamiaji wa dunia nzima mpaka leo wanaishi kwa hesabu zilizozaliwa kwa mbuzi wale.

Sasa rudi na mimi ziwani, Mei 21, 1996.

MV Bukoba ilikuwa inatoka Bukoba kuja Mwanza, imepita Kemondo. Asubuhi, Mwanza ikiwa karibu, ikalala ubavu, ikapinduka. Uwezo wake ulikuwa abiria 430 hivi. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo, na makaburi ya pamoja yapo Igoma hadi leo. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini ukikulia Mkuyuni hii stori unaipata mapema kuliko ya sungura na fisi.

Kitu ambacho wazee wetu wakikifikia sauti inashuka ni hiki: meli haikuzama palepale. Ilielea imegeuka, tumbo juu, kwa masaa. Watu walikuwa hai ndani. Inasimuliwa kwamba walikuwa wanagonga chuma. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa ikafumuka kwenye tundu, na meli ikaenda chini nao.

Nimesikia watu wakiwalaani wale waliotoboa. Mimi nasema hivi: kwa macho ya mtu yeyote wa kawaida, ukisikia ndugu yako anagonga upande wa pili wa bati, unachukua kifaa unakata. Hiyo ni akili na ni upendo. Tatizo ni kwamba ile hewa ilifanya kazi mbili kwa pamoja, ilikuwa pumzi ya waliokuwa ndani na ilikuwa boya la meli. Ukiitolea njia juu, vyote viwili vinaondoka. Kwenye glasi yetu, toboa kitako uone maji yanavyopanda. Kazi kama ile ilihitaji meli ishikiliwe kwanza, halafu wazamiaji waingie kwa chini. Siku ile, asubuhi ile, nani alikuwa navyo?

Meli ikatulia kwenye kina kinachotajwa kuwa mita 25. Wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Afrika Kusini wakaja kusaidia kutoa miili. Mita 25 ukisikia unaona fupi, ni nusu uwanja wa mpira usiofika. Ila hesabu ya Haldane ilifanywa kwa watu wa baharini. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa kwetu ni nyepesi, kwa hiyo mwili ukitoka majini unakutana na presha ndogo kuliko ya Dar, na mapovu yanapata nafasi ya kukua zaidi. Mzamiaji makini akishuka mita 25 za Mwanza anazihesabu kama 28 hivi za bahari. Muda wake wa kukaa chini unapungua, na mapumziko ya kupanda yanarefuka. Na huko chini ni giza, ni matope, ni vyumba vimejaa mizigo na watu. Halafu ndugu wapo juu wanalia, "Mbona wanatoka haraka hivyo? Mbona wanapumzika?"

Hilo swali liliulizwa tena miaka 23 baadaye, safari hii na mitandao yote ya Kenya. Jioni ya Septemba 29, 2019, gari lilirudi nyuma likateleza kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, likazama na mama na mwanae. Gari lilikuja kutolewa Oktoba 11. Siku zote hizo wazamiaji wa jeshi la wanamaji na wenzao walikuwa wanatukanwa. Waoga. Wezi wa posho. Kuna waliosema wavuvi wa kijijini wangemaliza kwa saa moja.

Gari lilikuwa mita 58. Ukishuka huko na mtungi wa hewa ya kawaida, presha ni karibu mara saba ya huku juu, na majedwali yanakupa kama dakika 5 za kukaa chini bila kulazimika kusimama njiani ukipanda. Dakika 5! Humo utafute, ufunge kamba, ugeuke. Na naitrojeni ya kina hicho inalevya kama konyagi, mtu anaweza kusahau hata kwa nini ameshuka. Juu feri zinapita, mkondo unavuta. Familia ilikuwa na haki ya kulia na kuhoji kila kitu, na serikali ilistahili maswali kuhusu vifaa na kuhusu ile feri. Lakini aliyekuwa majini alikuwa anapimana na ubongo wake mwenyewe. Angepanda kwa kasi ya hasira za watu wa mtandaoni, tungehesabu mwili mwingine.

Yule mpishi niliyemtaja mwanzo ndiye shahidi wangu mkubwa. Mei 2013, pwani ya Nigeria, tagi ya Jascon-4 ilipinduka ikazama mpaka mita 30. Walikuwa 12 mle. Siku karibu tatu baadaye wazamiaji wa kampuni ya Kiholanzi walishuka kutafuta miili. Mmoja anaona mkono kwenye giza, anaushika, mkono unamshika! Ile video mmeiona, ilitrendi dunia nzima mwisho wa 2013. Mpishi alikuwa amekaa kama masaa 60 ndani ya hewa iliyonasa, na kaptula tu.

Wengi mmeangalia mpaka pale mkono unaposhika mkono, mkaishia hapo. Kipande cha baada yake ndicho kilichomuokoa. Mwili wake ulikuwa umelowa naitrojeni ya mita 30 kwa siku zote zile. Wangemshika mkono wakampeleka moja kwa moja juu kwenye jua, angekufa mbele ya kamera. Walimvalisha kofia ya kupumulia, wakamwingiza kwenye kengele ya chuma ya wazamiaji, wakampandisha akiwa bado kwenye presha ya kule chini, wakamhamishia kwenye chemba, na humo akakaa kama siku mbili wakipunguza presha taratibu. Baadaye akaenda kusomea uzamiaji mwenyewe. Sijui ana moyo wa nini huyo mtu.

Fundi wetu wa Ukara hakuhitaji hayo yote kwa sababu kivuko kilikuwa kwenye maji mafupi kando ya gati, naitrojeni ya kumdhuru haikufikia kiasi hicho. Hatari yake ilikuwa ile njia ya kwanza, kubana pumzi wakati anatolewa.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu dripu. Umelazwa, unaona kapovu kanatembea kwenye mpira kuelekea mkononi, roho inaruka. Tulia. Kapovu kadogo kwenye mshipa wa mkono kanaishia kwenye mapafu, yanakachuja. Ile ya kwenye muvi, muuaji anachomeka sindano tupu mgonjwa anakata roho sekunde hiyohiyo, ni ya zamani kweli. Mwandishi Dorothy L. Sayers aliitumia kwenye riwaya yake ya 1927, na madaktari wamekuwa wakilalamika tangu hapo, maana sindano moja ndogo kwa kawaida haina hewa ya kutosha kufanya hivyo. Hospitalini hatari ya kweli iko kwenye kazi kubwa: upasuaji wa moyo, upasuaji wa kichwa mgonjwa akiwa amekalishwa, mipira mikubwa inayowekwa shingoni. Na karibu mtu mmoja kati ya wanne ana katundu kadogo moyoni tangu tumboni mwa mama ambako hakakuziba, wengi hawajui mpaka wanakufa uzeeni. Kwa hao povu linaweza kukwepa mapafu likapanda kichwani. Bado ni tukio la nadra. Wauguzi wanapogonga ule mpira kwa kidole wanajua wanachofanya, muwaheshimu.

Turudi kwetu. Jirani hapa, bandari ya Mwanza Kusini, imejengwa meli ya abiria 1,200. Naipenda, nitaipanda. Visiwani mitumbwi na vivuko vinatembea kila siku. Pwani huko, kuanzia Kenya mpaka Zanzibar, vijana wanashuka na hewa ya mitungi kutafuta majongoo bahari ya kuuza Asia, wengine wanarudi hawawezi kutembea. Tiba ya mapovu ya kichwani ni kurudishwa kwenye presha ndani ya chemba, na chemba ambazo wazamiaji wa ukanda wetu wamezoea kuzitaja ziko pwani, Matemwe kule Zanzibar na kwa wanamaji wa Kenya Mombasa. Kutoka Mwanza kwenda huko haraka ni ndege, na ndani ya ndege presha inashuka tena, povu linakua. Ndio maana ndege ya mgonjwa wa namna hii inatakiwa iruke chini kadri inavyowezekana.

Kwa hiyo mvuvi, dereva wa boti, au wewe uliyesimama ufukweni siku mbaya. Kama unamsaidia mtu kutoka kwenye chumba chenye hewa chini ya maji, mwambie atoe pumzi njia nzima anapopanda, aiache itoke mdomoni kama anapuliza chai. Akifika juu akaanza kuongea ovyo, mkono umelegea, macho hayaoni, kaanguka, wasimpeleke kwa mganga kwamba kakumbwa na majini ya ziwani. Mlazeni chali, sawa, msimkalishe. Oksijeni safi kama ipo, apewe mapema na isikatwe. Wahini hospitali. Na mkifika mapokezi msiseme tu "alizama", maana watamtibu kwa maji aliyokunywa. Semeni: "Alikuwa anapumua hewa akiwa chini ya maji, akapanda, akaanguka baada ya dakika kadhaa."